Ukungu wa Kafuri

Mabela, Maskati
3 Novemba 2002

Kwa mdogo wangu Zakiya,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, nakuarifu kwamba mie kakaako ni mzima, napumua kwa pua zote mbili, na kwamba katika ukoo wetu hajatokea mtu aliyeliliwa kama nilivyoliliwa mie Alkhamisi iliyopita. Njia nzima ya Mabela ilizibwa kwa magari. Watu elfu, Zakiya, wanagombania kunibeba.

Haya, nisiendelee, maana wewe unanijua na kalamu yenyewe inanicheka. Elfu hawakuwepo. Alikuja Bi Mahfoudha wa nyumba ya mbele na wanawe, na wazee wachache waliokuwa wanatoka msikitini wanarudi kwao. Na magari hayakuwa yao, yalikuwa ya wageni wengine, ntakueleza. Lakini kuliliwa nimeliliwa, hilo si uongo.

Vipi goti lako? Na Marhoon, kifua kimepoa au bado anakohoa makusudi ili apikiwe uji? Msalimie mumeo huyo, mwambie shemeji yake amekufa akarudi na bado ana meno mengi kuliko yeye. Nimesikia kwamba ulipopigiwa simu ya msiba ulianguka mlangoni, na majirani wakaja wakakaa nawe mpaka asubuhi, mpaka mwanangu Badr alipokupigia kukwambia si kweli. Pole sana, mdogo wangu. Nimesikitika. Na nimefurahi kidogo pia, nisamehe. Mtu wa umri wangu akisikia kuna mtu kaanguka mlangoni kwa ajili yake, kukasirika hawezi.

Badr kakwambia yote yale ni upumbavu wa Bi Mahfoudha. Basi mie nnataka uyajue kwangu, ndiyo maana naandika, na mwandiko wangu unaujua, niliacha chuo kabla mwalimu hajachoka kunipiga. Simu ya nyumba hii iko sebuleni, na sebuleni hakukosekani mtu.

Wazungu wana siku yao mwisho wa Oktoba, wanaiita Halowini. Watoto wao wanavaa kama mashetani na kupita nyumba kwa nyumba wakidai peremende. Sisi kwetu shetani tunamfukuza kwa gharama kubwa, wao wanamkaribisha na kumpa chokoleti. Maha, mjukuu wangu, anasoma skuli yao, na pale skuli yuko pia mtoto wa mkubwa wa Badr wa kazini, Mwingereza mmoja mrefu. Badr anatafuta cheo. Kwa hiyo ikaamuliwa kwamba mwaka huu watoto wa skuli waje kwetu, na mkubwa aje na mkewe, na uwanja wa nyumba ugeuzwe makaburini.

Sasa nikwambie lililoniingiza mie. Tangu tuhamie nyumba hii mpya, wakija wageni wa ofisini, sinia yangu inaletwa chumba cha nyuma, imefunikwa vizuri. Badr anasema hataki nichoke. Zakiya, mie sijachoka. Mwaka wa pili huu, hakuna mgeni wake mmoja aliyeniona uso. Nilidhani ni mambo ya mkewe, Balqees, na tukawa mie na yeye tunasalimiana kama watu waliokutana foleni ya benki. Nikamtania Kiswahili chake cha Bujumbura, naye akanitania kanzu yangu, na tulikuwa hatucheki, kila mmoja alikuwa anakusudia.

Wakaja na mawe ya kaburi ya sponji, yameandikwa majina ya watu wasiopata kuzaliwa. Wakaja na mifupa ya plastiki. Na wakakodi mashine ya moshi kwa hawa wanaopamba maharusi, ile inayomtoa bibi harusi kama anashuka mawinguni. Wakaijaribu Jumatatu baada ya magharibi. Joto la hapa unalijua kwa kuhadithiwa. Moshi ulitoka, ukapanda moja kwa moja juu, ukapotea. Haukuonekana kaburini wala mawinguni, ulionekana kama sufuria ya wali imeungua, na jirani alikuja kuuliza kama tunahitaji maji. Badr akasema mashine irudishwe, aibu tupu. Picha aliyoonyeshwa na Maha ilikuwa na ukungu unaotambaa chini kama paka.

Hapo nikasema niachieni mie. Nilikaa miaka kwenye mlango wa ghala la samaki pale Matrah, na kila walipoufungua ule mlango niliona pumzi nyeupe inatoka, haipandi, inaanguka miguuni na kuondoka zake kwa kutambaa. Moshi wa baridi unalala, huo ndio ujuzi wangu wote. Nikatafuta sanduku la barafu la wavuvi, nikatoboa, nikaelekeza mdomo wa mashine ndani. Mara ya kwanza moshi ulikwama humo humo, ukarudi nyuma, mashine ikakohoa kama Marhoon ikazima. Nilikuwa nshaanza kutafuta wa kumlaumu. Balqees alikuwa anatazama kutoka jikoni, akatoka, mikono imejaa unga, akaniambia kwamba nimeutia moshi jela bila ya mlango wa kutokea. Akasema upite ndani ya bomba la eisii, ile mashine ya kupoza nyumba, lile la bati linalokunjika kama utumbo, lizungushwe katikati ya barafu, na utokee chini kabisa, si juu. Mie nikamwambia huko Bujumbura kumbe wanafundisha. Tukakata bati pamoja. Alijikata kidole, nikamfunga kwa kitambaa changu. Usiku ule moshi ulitoka, ukaanguka kwenye majani, ukatambaa mpaka kwenye geti, na Balqees akapiga makofi na kuniita baba. Miaka yote ananiita mzee.

Basi nikapata tamaa, mdogo wangu. Nikamwambia kwamba siku hiyo nataka nikae mbele, na kanzu yangu nyeupe na kofia, na Badr anishike mkono aseme kwa mkubwa wake, huyu ndiye baba yangu, na ukungu huu ni wake. Sikutaka zaidi ya hayo. Balqees akaenda kumwambia mumewe. Akarudi na jibu kwamba Badr amekubali, tena ana fikra nzuri zaidi: maiti ya plastiki haipendezi, kwa nini baba asilale yeye, afunikwe shuka, na watoto wakijaa ainuke awatishe, halafu ndipo atajulishwa kwa wageni, kwa kishindo. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nilijiona kabisa nainuka.

Na hapo nikatia mkono wangu, kama kawaida yangu. Dawa ya ile mashine inanuka sukari iliyoungua, na sukari haimtishi mtu. Mwenye pua anaogopa kwa pua. Mie sandukuni kwangu nimeweka sanda yangu ya Makka, na pamoja nayo kafuri yangu, ile anayopakwa maiti akishaoshwa, kila mtu mzima anayo. Sanda sikuigusa, mzaha una mwisho wake. Kafuri niliisaga nikainyunyiza juu ya barafu na mdomoni mwa bomba, sikumwambia mtu. Halafu nikalala juu ya kitanda changu kilichotolewa nje, baina ya mawe ya sponji, sanduku la barafu limefichwa kichwani pa kitanda, Balqees akanifunika shuka mpaka utosini. Nyayo zikabaki nje. Aliniuliza kama nasikia baridi, nikamwambia aende zake, maiti hasemi.

Ukungu ulikuwa mzuri, Zakiya. Niliuona kwa chini ya shuka, mweupe, umelala kama maziwa, na watoto wanaingia humo miguu haionekani. Mke wa mkubwa akasema harufu hii ni nzuri, inamkumbusha dawa ya mafua. Lakini ukungu ule haukujua kusimama kwenye geti. Ulivuka njia, ukapanda baraza ya Bi Mahfoudha, na yeye ni mtu wa Malindi kwetu, tumekua naye, ameosha maiti wengi kuliko alivyoosha sahani. Kafuri haihitaji kuulizwa. Akachungulia: viti vya kukodi vimepangwa, magari yamejaa, moshi mweupe unafuka, na katikati kitanda, shuka, na nyayo za mtu mzima. Hakumwuliza mtu. Alivuta mtandio, akaingia analia, akisema Msellem, Msellem, hata hukuniaga. Wanawe nyuma. Wale wazee wa msikitini waliposikia kilio wakageuza njia, na kila anayeingia anamkumbatia Badr na kumwambia Mwenyezi Mungu akupe subira.

Wazungu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi.

Badr alikuwa katikati, huku anakumbatiwa, huku anapigiwa makofi. Akawaambia wazee kwa sauti ya chini kwamba hakuna msiba, baba yuko ndani amelala. Bi Mahfoudha akamwambia kama amelala basi mwamshe nimwone. Badr akasema baba hajisikii vizuri, asisumbuliwe. Bi Mahfoudha akauliza na huyu je, akanyoosha kidole kwenye nyayo zangu. Badr akasema huyo si mtu, huyo ni mapambo. Bibi yule akamtazama, akasema mie nyayo za Msellem nazijua tangu anacheza mpira bila viatu. Akatoka, na alipofika kwake akakupigia simu wewe.

Najua unalotaka kuniuliza. Msellem, mdomo wote huo, kwa nini hukuinuka ukasema mie huyu hapa? Nyumbani nimewaambia nilipitiwa na usingizi kwa ule ubaridi, na wameniamini kwa sababu wanapenda kuniamini. Uongo mtupu. Nilikuwa macho kuliko siku niliyoingia nchi hii.

Kabla Bi Mahfoudha hajafika, yule mkubwa alisimama juu ya kichwa changu. Akamwuliza Badr, mzee huyu anayelala vizuri hivi ni nani. Nikavuta pumzi, nikakaza viwiko, maana nilijua wakati wangu ndio huo. Badr akamjibu kwamba huyu ni mlinzi wa nyumba, tumemwomba atusaidie kwa ajili ya watoto. Mkubwa akasema una mlinzi mzuri, mpe chochote. Wakacheka, wakaenda kwenye chakula.

Kiingereza changu hakivuki mlango wa duka, mengine nimeyakisia, lakini hilo neno la mlinzi nalijua. Lilikuwa limeandikwa juu ya mfuko wa shati langu miaka yote ile ya ghala la samaki, na kwa shati hilo Badr kasoma, kavaa, kaoa. Basi hakusema uongo mkubwa. Kama angesema mpishi ningeinuka nikamzaba kibao.

Lakini ningeinuka nani? Ningeinuka baba, ningemuaibisha mwanangu mbele ya mkubwa wake. Ningeinuka mlinzi, na mie uso wangu ningeuweka wapi? Nikaona bora nibaki maiti, maiti haulizwi ni baba wa nani. Nikalala. Watu wananililia upande mmoja, upande wa pili mwanangu anasema niko ndani, na mie nimelala katikati, barafu inayeyuka inaingia mgongoni. Watoto walingoja niinuke, halafu wakachoka, wakafuata keki.

Walipoondoka wote, Balqees alikuja akafunua shuka. Alikuwa amesikia lile lile, alikuwa amesimama nyuma yao na sinia ya sambusa. Macho yamemjaa. Nikamwambia ni kafuri, inachoma. Akasema ndiyo, inachoma. Akanishika mkono akaniingiza kwa mlango wa mbele, akaniwekea chakula sebuleni kwenye kiti cha Badr, na sikuweza kula hata tonge.

Badr hajui kama nilisikia. Siku ya pili kaniletea nguru mzima kutoka sokoni, kanisalimia vizuri, na hanitazami. Cheo bado hakijatoka. Simwombei mabaya, ni mwanangu. Simwombei mazuri pia kwa wiki hii, nimepumzika kidogo.

Nisalimie watoto wote na wajukuu, kila mmoja kwa jina lake, usifanye uvivu. Msalimie Marhoon mara ya pili, ile ya kwanza ilikuwa matusi. Ramadhani iko mlangoni, nitieni katika dua zenu, za watu walio hai. Balqees anakusalimu, na Maha anakubusu mikono.

Na sasa nnalo dai langu dogo. Ulipomtaka Marhoon na baba akakataa, mie ndiye niliyekaa naye nikambwabwajia jioni baada ya jioni mpaka akakuoza ili nimwondokee. Hujanilipa wema huo mpaka leo. Basi Ijumaa moja, watu wakisharudi msikitini, nunua kadi ya simu upige hapa. Siku hiyo Badr huwa nyumbani na huwa na wageni, na simu hupokea yeye. Akipokea usimwulize hali, usimsalimie mkewe, usitaje jina langu. Sema tu wewe ni shangazi yake, na mwambie: niitie baba yako. Mie ntakuwa karibu, nnataka nisikie anavyoniita.

Kakaako,
Msellem