Yaya, Wameniita Mtaalamu wa Udongo

Yaya Zaina, dada yangu uliyenilea,

Mgongo unauma, vidole vimepasuka, lakini leo nacheka peke yangu kama mwehu. Wameniita mtaalamu! Mimi, niliyeishia darasa la tatu. Najua homa ilikuchukua tulipokimbilia msitu wa Kailo, na barua haifiki huko uliko. Lakini habari hii ni yako kwanza.

Unakumbuka Mikelenge, mtaa wetu kule Kindu, wakati wa vita? Treni haikuja tena, saruji hakuna, na wanaume walijificha ili askari wasiwabebeshe mizigo. Ndipo ninyi wasichana mkashika kazi ya matofali. Mama alikuwa ameshafariki, ukanichukua nikukanyagie matope. Asubuhi ya kwanza ulinitia udongo mdomoni.

"Lamba! Udongo haiue muntu."

Ukasema mchanga ukilia menoni, tofali litamomonyoka. Udongo ukinata ulimini kama gundi, litapasuka, basi ongeza mchanga. Nilidhani unanitania, maana kwetu wanaolamba udongo ni wanawake wenye mimba. Siku moja nikafyatua bila kuonja, na matofali ya tanuri zima yakatoka na nyufa. Hukunipiga. Ulinibebesha vile vipande tukafukie mashimo ya njia, ukinicheka mpaka jua likazama.

Huku Lubumbashi tunajenga nyumba ya kujifungulia akina mama. Mwezi uliopita lori lilimwaga udongo mwekundu, mzuri kwa macho. Injinia akasema tufyatue. Nikaulamba, ukanata. Yaya, anayempinga injinia huyu haitwi tena kazini, na mimi sina kazi nyingine. Lakini niliwaza watoto wachanga chini ya kuta zile.

"Injinia, huu utapasuka."

Vibarua wakaangua kicheko. "Muzee, mimba yako iko na myezi ngapi?"

"Tisa, tena mapacha," nikawajibu.

Injinia hakucheka. "Ukikosea, unarudi kwenu," akasema.

Tukachoma matofali ya aina mbili: yake ya udongo mtupu, yangu ya udongo niliouchanganya na mchanga. Juzi tukafungua tanuri. Yake yalikuwa na nyufa kama visigino vya kiangazi. Yangu, Yaya, ukiyagonganisha yanalia kama kengele! Injinia aliyagonga tena na tena kama mtoto aliyepata ngoma, halafu akanishika mkono mbele ya wote.

Sasa udongo haupokelewi hapa mpaka niuonje. Mafundi wa mtaa wa pili wanakuja na udongo wao kwenye mifuko, wananingoja getini. Na Jumatatu nitafundisha shule ya ufundi, mimi! Leo karani wa shule hiyo amenipa fomu nijaze. Palipoandikwa nilisomea wapi, kalamu ikasimama.

"Papa, andika tu hakuna," karani akasema.

Nikakataa. Nikaandika kwa herufi kubwa: KINDU, KWA YAYA ZAINA.

Akauliza hiyo ni shule gani, mbona hajawahi kuisikia.

"Vita iliifunga," nikamwambia. "Mwanafunzi aliyebaki ni mimi."

Akapiga muhuri.

Pumzika, Yaya. Mimi naenda kufua shati la Jumatatu.

Mdogo wako, mkanyaga matope