Tanuri Linaumwa

Jumamosi, 8 Februari

Bango limebandikwa. Uso wangu, mkubwa kuliko mlango wa bekari! Chini yake: KIJERUMANI CHANGU, KESHO YANGU. Watu wa kituo cha lugha walinichagua kwa ajili ya meno, si sarufi. Niko somo la sita – "Kwa Daktari". Bango halisemi hayo.

Jumatano, 26 Februari

Sina jina tena. Mtaani Mjerumani, kazini Mjerumani. Jana mama mkwe kaniletea chupa ya dawa ya kikohozi nimsomee maandishi. Nikasoma kwa sauti nzito. Kumbe Kifaransa! Akanisifu hata hivyo, nikazipokea sifa. Niliona aibu. Na – hapa hasomi mtu – niliona raha pia. Nimevishwa kilemba cha ukoka na nimekaa nacho vizuri tu.

Jumatatu, 3 Machi

Tanuri kubwa limegoma. Linawaka, linakohoa, linazimika. Bosi kasema lisipopona, zamu yetu ya asubuhi yote tukae nyumbani. Lakini hana wasiwasi: fundi wa kiwanda kilicholitengeneza, Mjerumani wa kweli, anakuja Ijumaa, na sisi tunaye wetu. Akaninyooshea kidole. Mkandaji mwenzangu wa unga akacheka chini chini: njia ya mwongo fupi.

Nimetafuta kitabuni neno la "kichomeo cha gesi". Hakuna. Kuna "koo". Kuna "homa".

Ijumaa, 7 Machi

Naandika haraka, nimekaa juu ya gunia la unga. Fundi kafika – mzee, miwani imefungwa kwa uzi. Bosi akamwambia, huyu ndiye Mjerumani wetu. Fundi akaniuliza kwa Kijerumani natoka mji gani! Nikasema ukweli: mimi mwanafunzi, somo la sita. Kisha nikatoa nilichokuwa nacho – tanuri ni mgonjwa.

Hakucheka. Akauliza taratibu, linaumwa wapi?

Hilo nalijua! Ukurasa wa arobaini na moja! Tumboni, nikasema. Tangu Jumatatu. Linakohoa, halafu linapata baridi. Akauliza, linakohoa kabla ya kula au baada? Baada, gesi ikishaingia. Akaitikia kwa kichwa kama daktari kabisa, akafungua kifuniko cha chini, akaingiza kichwa.

Mkandaji kanivuta pembeni. Mjerumani, umemwambia nini? Nimempeleka mgonjwa hospitali, nikamjibu, basi. Safari hii hakucheka. Kaniuliza darasa linaanza saa ngapi.

Sasa fundi anaita, kichwa bado kimo ndani, mkono mtupu umenyooka kwangu. Anataka kitu. Neno moja, mara mbili – silijui. Bosi ananitazama. Wenzangu wa zamu wote wananitazama. Nimepiga magoti kando yake, daftari hili mkononi, nimemwomba alirudie polepole. Analirudia. Naliandika hapa: Zange. Vidole vyake vinabana hewa – koleo!