Bakuli la Kwanza

Mama,

Shikamoo. Ulinifundisha kwamba mtoto hamwelezi mtu mzima habari kabla hajamwamkia, basi huko uliko pokea kwanza shikamoo yangu. Marahaba nitajiitikia mwenyewe.

Arobaini yako imepita kitambo. Tuliisoma hapa hapa Rwamgasa kwa kuwa kaburi lako liko hapa, nyuma ya msikiti wa mabati. Shangazi alikuja kutoka Shinyanga. Nilipika pilau ya nyama yenye mafuta, na watu walikuja, Mama, walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye mawe ya duara la zamani, lile shimo lililokwisha dhahabu. Wale wale. Wale waliokuwa wanapita mbele ya chungu chako wameziba pua kana kwamba unapika mzoga, siku hiyo walilamba vidole wakaulizia na ukoko. Nilishika upawa nikatamani kumpiga nao mtu mmoja tu, yeyote. Sikumpiga. Nilikumbuka ulivyokuwa ukisema, "Zena, mtu akishakaa kwenye mkeka wako ni mgeni, hata kama ni nyoka."

Ulikuwa mnene, Mama. Naliandika hili kwanza kwa sababu siku hizi nikifumba macho nakuona ulivyokuwa mwisho, na sitaki. Ulikuwa mnene, na unene wako ndio uliotuletea wateja tulipohamia machimboni. Nani atakula kwa mpishi mwembamba? Masanja, yule mchimbaji wa Kisukuma mwenye sauti ya ng'ombe dume, alikuwa akikuona unakaribia kukaa anawaambia wenzake, "Inukeni, benchi linataka kupiga goti limwamkie." Ulicheka mpaka khanga inakudondoka, halafu ukamwongezea nundu kwenye supu yake, lile nofu la mafuta la bega la ng'ombe ambalo kila mtu analigombania.

Na kila asubuhi ulikunywa bakuli la kwanza. Mchimbaji hali chungu ambacho mpishi wake hajakila. Mmoja ametoka Kahama, mwingine Kigoma, mwingine Mara, hakuna anayemjua mama wa mwenzake, na kila aliyebahatisha dhahabu anaamini yuko mtu anayetaka kumwekea kitu. Basi ulikuwa unapakua bakuli la kwanza, unalinywa umesimama mbele yao, mkono kiunoni, mpaka tone la mwisho. Kutoa sumu, ndivyo tunavyosema. Ukishaliweka chini tupu, ndipo mabakuli mengine yanaanza kutembea.

Halafu vikaja vidonda vya tumbo, ukatapika damu nyeusi kama masimbi ya kahawa, tukavuka ziwa kwenda Mwanza. Walikata sehemu kubwa ya tumbo lako wakaunganisha iliyobaki. Unamkumbuka yule nesi mfupi aliyetukalisha siku ya kutoka? Alikuambia, "Mama, tumbo lako sasa ni kikombe, usilimwagie ndoo." Kula kidogo, mara nyingi. Tafuna mpaka chakula kiwe uji. Maji usinywe pamoja na chakula. Sukari acha, na mafuta acha kabisa, samli, nundu, vyote, maana tumbo lililobaki halina pa kuyaweka. Ukimaliza kula, jilaze kidogo. Ulimsikiliza mpaka mwisho, halafu ukamwambia, "Mwanangu, mimi kazi yangu ni kupika supu ya mafuta. Hapo umeniambia niache na kupumua." Naye akacheka, akidhani unatania.

Lakini ulitii. Watu hawajui kwamba ulitii, na mimi nitawaambia mpaka nizeeke. Nilikupikia uji mwembamba wa mtama, nikakuchemshia sato bila mafuta, ukala kwa kijiko cha chai. Ulitafuna kipande kimoja cha kiazi mpaka nikakuuliza kama unakisimulia hadithi. Maumivu yalikwisha. Ulikuwa unalala usiku kucha, jambo ambalo sikuwahi kukuona ukilifanya tangu nipate akili. Ile ndiyo miezi yetu mizuri ya mwisho, na tuliipoteza kwa sababu ya maneno.

Maana ulikonda. Ilikuwa lazima ukonde, nesi alikwisha sema, lakini ulikonda wakati mbaya. Ndio kwanza habari zilikuwa zinashuka kutoka Bukoba za ugonjwa mpya unaokausha watu. Wengine waliuita Juliana, redio ikauita Ukimwi, na wengi hawakuuita chochote, walikuwa wanainua kidole cha mwisho tu kuonyesha wembamba. Kipimo huku hakikuwapo. Macho ya watu ndiyo yaliyokuwa kipimo.

Nilianza kunywa mimi bakuli la kwanza kwa niaba yako. Walinitazama nikilinywa, kisha wakakutazama wewe nyuma ya moshi, na kikombe chako cha uji, umejilaza kwenye magunia kama ulivyoagizwa. Mpishi hali chungu chake, na baada ya kula analala. Nani angengoja aelezwe? Mama Kulwa, jirani yetu anayeuza wali na maharage, ambaye uliwaosha pacha wake walipozaliwa, ndiye niliyemsikia kwa masikio yangu. "Mimi simsemi mtu," alisema, "lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Benchi likaanza kupungua watu. Mwishoni alibaki Masanja na wenzake wa duara lake, na baadaye hata hao wenzake wakahamia kwa Mama Kulwa. Masanja hakuhama. Alikunywa supu peke yake kwenye benchi refu, akapiga kelele za watu wengi.

Ndipo asubuhi ile ulipoinuka. Ulijifunga khanga mbili ili uonekane una mwili, ukachukua bakuli kutoka mkononi mwangu, ukachota juu kabisa, pale mafuta yanapoelea, ukaweka na nundu. Nilikushika mkono. Ukaniambia polepole, watu wasisikie, "Nikikonda huku nakula, ni mgonjwa. Nikikonda bila kula, ni mgonjwa na mchawi. Niache nile."

Ukala. Ulisimama, mkono kiunoni, ukamaliza, ukawageuzia bakuli waone. Wawili watatu wakarudi siku hiyo hiyo. Hawakuona ulivyoingia nyuma ya pazia. Mimi niliona. Jasho, moyo unapiga mpaka khanga inatikisika, umeuma pindo la khanga ili usitoe sauti. Ulipopata nafuu uliniuliza, "Wangapi wamekaa?"

Kesho yake tena, na siku zilizofuata. Ulikuwa unaamini kwamba mafuta yatakurudishia mwili, na watu wakiuona mwili watanyamaza. Wazee wetu walitulea hivyo. Mgonjwa hupewa samli, aliyejifungua hupewa samli, bwana harusi hupakwa na kulishwa samli, nani amewahi kusikia samli inakondesha mtu? Lakini wewe ilikukondesha. Ulianza kuharisha, choo cheupe kinachoelea na kung'aa, na kila bakuli ulilokula ili unenepe lilitoka na nyama yako nyingine. Mganga wa zahanati alinieleza waziwazi, tumbo lililobaki halikuweza kuyakamata mafuta, yalipita na kuzoa kila kitu njiani. Nilikueleza. Nilikupigia magoti. Ulinisikiliza vizuri kabisa, na asubuhi ukajifunga khanga tatu.

Ilipokuja homa ya masika, homa ambayo wengine huinywea vidonge na kwenda kazini, ilikukuta huna akiba yoyote mwilini. Siiandiki siku ile, Mama. Ulikuwepo, unaijua.

Acha nikueleze ambayo hukuyaona. Wanawake wa kukuosha walikataa. Walisimama nje, wakasema maiti ya ugonjwa ule haiguswi. Mmoja akathubutu kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Umelala ndani, mlango wazi, yeye anasema methali. Aliyeingia ni Bi Mwajuma peke yake, mwoshaji mkongwe wa machimbo yote, kwa uzee wake, amejifunga vitambaa mikononi. Tulipofunua tumbo lako akaliona kovu, kutoka chini ya kifua mpaka kitovuni. Akasimama. Akavua vile vitambaa, akaosha kwa mikono mitupu, akasema, "Kumbe kweli." Nilimshukuru na nilimchukia kwa maneno hayo mawili. Kweli ilikuwa kweli tangu Mwanza.

Bi Mwajuma alitoka akasema. Na yeye akisema, machimbo husikia. Ndani ya wiki ile habari ikageuka, kumbe Mama Zena alikatwa tumbo, maskini, kumbe tulimwonea. Mama Kulwa alinijia na kuku amemfunga miguu. "Pole, ng'wanangu," alisema, "si tungejua." Nilimwambia, "Ulijua. Mama alikueleza yeye mwenyewe kwenye mlango huu huu." Lakini kuku nilimpokea. Na nitakwambia ukweli, nilifurahi. Kila aliyekaa kwenye benchi nilimsimulia kovu lako, urefu wake na mahali lilipoanzia. Mwili wako niliuosha mara moja, jina lako nilikuwa naliosha kila siku, na nikaliona linatakata. Ndiyo kazi niliyojiwekea, Mama. Nilidhani ndiyo itakayokuwa kazi ya maisha yangu.

Sasa ndipo nifike kwenye lililonifanya nikuandikie. Masanja alipotea machimboni baada ya arobaini. Wakasema ameenda kwao kulima. Juzi asubuhi, baada ya miezi kadhaa, amerudi. Sikumtambua mpaka aliposema, na hata sauti haikuwa ile. Ng'ombe dume wote amebaki pembe. Alikaa kwenye benchi, Mama, na benchi halikujua kama amekaa mtu. Wenzake aliochimba nao, aliofukiwa nao na kufukuliwa nao, waliinuka mmoja mmoja na mabakuli yao. Mama Kulwa aliacha kukoroga maharage ili atazame.

Nilimpakulia, nikaondoa mafuta yote ya juu kwa kijiko kama nilivyokuwa nakufanyia wewe, nikampa mchuzi mwembamba nusu bakuli. Alikunywa kidogo, akakohoa, akapumzika. Halafu akanivuta mkono, akasema chini chini, "Mama Zena mdogo, waambie na mimi nilikatwa tumbo."

Hakuna kovu pale. Shati lilikuwa wazi, najua. Na yeye alijua kwamba najua.

Niliwaza juu yako. Niliwaza kwamba neno lile ndilo pekee ulilobakiwa nalo, na kwamba likivaliwa na mtu mwingine litachanika. Watu si wajinga. Nikisema Masanja amekatwa tumbo, watacheka, na wakishacheka watarudi nyuma mpaka kwako. Nilisimama na upawa wangu. Kisha nikakumbuka lile benchi refu, na mtu mmoja amelikalia, anapiga kelele za watu wengi ili wewe nyuma ya pazia usijue kwamba wateja wamekwisha.

Nikasema kwa sauti, "Huyu amekatwa tumbo, Mwanza, kama mama yangu. Nani ana neno?" Mama Kulwa akacheka kidogo, akasema, "Siku hizi kila mtu anakatwa tumbo." Basi nikachukua bakuli la Masanja, lile lile alilokwisha kunywa na kukohoa juu yake, nikanywa. Nilisimama, mkono kiunoni. Nilinywa nikamwachia kidogo, nikamrudishia mkononi.

Tangu jana wanasema tena, Mama. Wanasema kovu lako lilikuwa la uzazi, Bi Mwajuma haoni vizuri, na binti naye sasa anao. Benchi limepungua. Nililolijenga nimelibomoa kwa mkono wangu, na nimekaa nangoja nijute, sijajuta bado. Masanja amekuja leo asubuhi pia. Alikaa peke yake, na alijaribu kupiga kelele.

Nakuahidi hili. Atakayekuja kwangu amekonda, sitamuuliza kimemkondesha nini. Nitamwondolea mafuta, nitampa kidogo kidogo, nitampa na magunia ya kujilaza, na wakiniuliza nitasema alikatwa tumbo. Jina lako nitalitumia mpaka liishe. Nilidhani utakasirika, lakini ulimpa nyoka mkeka.

Lala, Mama. Sidhani kama huko kuna mtu anayekungoja uonje kwanza.

Mwanao,
Zena