Binti Aliye Nyuma ya Magitaa

Kaka yangu mpendwa,

Santuri mbili ulizotuma zimefika salama, ila moja imepondeka kona ya jalada. Huku hatujambo, na paka amezalia kitandani kwako.

Ile ya jalada la waridi imetutoa jasho. Magitaa yanavuma kama mashine ya kusaga, na binti anaimba kwa mbali kama kafungiwa chumba cha pili. Baba, na ufundi wake wa redio wa miaka thelathini, akasema spika imekufa. Akabadilisha sindano, akafungua spika, akachomea nyaya upya. Siku mbili nzima. Nikamwambia ndivyo walivyorekodi. Akasema, "Hakuna fundi anayerekodi hivi."

Jumapili akaniuliza, "Huyu binti anasema nini?"

Nikamjibu hata mimi simpati.

Akanitazama sana. "Hata wewe?"

Nikaapa. Basi akavuta kiti karibu yangu, tukasikiliza upande mzima, naye anatabasamu.

Kaka, daktari wa masikio ameshasema hana la kufanya. Baba anasikia mvumo tu, maneno hayashiki mpaka nimpigie kelele sikioni, na kifaa alichopewa kinazidisha mvumo. Ndiyo maana hapokei simu zako. Usidhani amekukasirikia.

Ukipata santuri nyingine ambayo hata sisi wazima hatuambulii neno, tuma haraka. Zile zake za zamani, alizokuwa akiimba nazo, ameniambia nizigawe.

Ni mimi mdogo wako, niliyekauka koo kwa kumwita mtu aliye mbele yangu.