Nani Ameipita Pini Yako, Mama?

Mama yangu mpendwa,

Kuna mtu anagusa kitambaa chako.

Kile cha meza, cha rangi ya maziwa, ulichokiacha bila kukimaliza. Tuliporudi kutoka kukuzika Moshi nilikiweka kikapuni, nikachomeka pini pale mkono wako ulipoishia, nikasema hapo pasiguswe. Juzi nimefungua. Pini ipo, ila ufumaji umeipita. Tena nyuzi zimelalia upande wako wa mashoto, ambao mimi siuwezi. Nilikushuku hata wewe, Mama. Nikakemea kwa jina la Yesu.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Ulinikalisha mkabala nawe, magoti yakigusana, ili mkono wako wa kushoto ulingane na wangu wa kulia. "Kitanzi kwanza. Pitisha sindano, kamata uzi, toka nao taratibu." Nilivuta mpaka uzi ukakakamaa, ukacheka: "Unafuma au unafunga mbuzi?" Nilijua katika darasa lile nilikuwa peke yangu.

Basi nikamshuku wifi Upendo. Tangu aje kukaa nasi hapa Kariakoo anakisifia mno kile kikapu, na mimi mtu wa sifa nyingi simwamini. Nikampa uzi na sindano, eti anisaidie kazi. Akaishika kama mwiko wa ugali. Nikasema huyu anaigiza.

Jumamosi nikaaga naenda dukani kuuza nyuzi. Nikashuka ngazi kwa kishindo, nikavua viatu, nikapanda tena kimya kimya. Wifi alikuwa jikoni anachambua mchele. Chumbani, kando ya kitanda ulichougulia, amekaa mkweo Elia, mume wangu, muuza matairi, kitambaa mapajani na sindano mkono wa kushoto. Elia si mashoto.

"Wewe Elia!"

"Mama Neema, taratibu bwana, utanipotezea vitanzi."

Kumbe nikiwa dukani mlikuwa na darasa lenu. Aliona haya kukaa uso kwa uso na mama mkwe, akakaa ubavuni pako, akaiga mkono uleule aliouona.

"Mama alisema wewe hutakimaliza," akaniambia. "Alisema utakifungia ndani kama hati ya nyumba. Ndiyo akaniomba mimi."

Nilinuna siku nzima. Nimeona wivu, Mama, na nimelia. Mlinijadili mkiwa wawili, na sijui ni mangapi mengine mliyopanga.

Leo asubuhi ameniletea kitambaa. Kimebaki ukingo tu. Anadai macho yanamuuma, nimalizie mimi. Elia huyu anayesoma namba za matairi kutoka ng'ambo ya barabara! Nashuku hata hilo ni agizo lako.

Pini nimeichomoa. Ukingo utalalia upande wangu.

Pumzika, Mama, ila ujue nakuchunguza.

Binti yako, mwanafunzi wako wa kwanza