Baba Alipinga, Wajumbe Wakacheka

Mama Agatha, shikamoo.

Natumaini hujambo na kazi zako zinaendelea vizuri. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, naishi na wazazi wangu Msowero, na baba akirudi kutoka Kilosa mjini na gazeti mimi ndiye ninayesoma ukurasa wako kwanza, kabla gazeti halijachukuliwa kufungia karanga. Leo nakuomba unisaidie kufikiri, kwa sababu nimefikiri peke yangu mpaka nimefika mahali ambapo nataka kufanya jambo na sijui kama ni jema.

Baba yangu anaitwa Shimba. Familia yetu ilitoka Usukumani kabla sijazaliwa, tunalima mpunga na ufuta na tuna ng'ombe kiasi. Baba ni mjumbe wa bodi ya benki yetu ya wananchi, benki ndogo yenye makao yake Kilosa, na kwenye mkutano mkuu alipigiwa kura na wakulima na wafugaji pia, jambo ambalo huku kwetu si la kila siku, kwa hiyo alivyorudi nyumbani hakushangilia, alikaa kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani amwangalie. Mimi niliona fahari sana, nikajua sasa Msowero tuna mtu wa kututetea.

Mwenyekiti wa bodi ni Mzee Mwinshehe wa Chanzuru. Yeye ni Msagara na sisi ni Wasukuma, na hapa tunapoishi makabila yetu yanataniana, lakini utani wa hawa wawili umezidi wa wengine wote. Baba humwamkia shikamoo vizuri, mzee anaitikia marahaba, kisha hapohapo yanaanza. Mzee atasema, "Shimba, ng'ombe wako wamesoma kuliko wewe, wanajua kabisa mpaka wa shamba langu uko wapi, ndiyo maana wanauvuka makusudi." Na baba atajibu, "Lile ni shamba, mzee? Mimi nilidhani ni kichaka ulichokipa jina." Watu wanacheka, na mimi nimekua nikiona kwamba kicheko hicho kina kazi yake, maana ng'ombe wakiingia kweli kwenye shamba la mtu, Mzee Mwinshehe ndiye anayekuja kukaa katikati, na mambo yanaisha bila fimbo.

Sasa benki inataka kufungua tawi Mikumi, kwa ajili ya wafanyabiashara wa kule barabarani na wakulima wa miwa wa upande wa Ruhembe, na kwenye kikao cha bodi likaletwa jengo moja tu la kupanga, nalo ni jengo jipya la Mzee Mwinshehe mwenyewe, karibu na stendi, na yeye mwenyewe akabaki kwenye kiti chake akaongoza mazungumzo ya nyumba yake. Baba alitusimulia wakati wa chakula. Alisema aliinua mkono akasema, "Mwenyekiti, wewe mtani wangu una njaa ya ajabu. Mwenye nyumba ni wewe, anayempokea mpangaji ni wewe, sisi wengine umetuita tuje kuwa mashahidi wa harusi." Wajumbe wakacheka mpaka mmoja akakohoa, na mzee akafuta macho akasema, "Msukuma huyu nitamzika mimi kwa mikono yangu, tena nitadai mbuzi wangu wa utani. Haya, tuendelee na ajenda inayofuata." Wakaendelea. Mama alicheka, na mimi nilicheka, Mama Agatha, nakuambia ukweli.

Baadaye muhtasari wa kikao uliingia kwenye simu ya baba, na kwa kuwa maandishi yalikuwa madogo alinipa nimsomee. Nilipofika kwenye tawi la Mikumi niliona imeandikwa kwamba wajumbe wote waliafiki jengo la Mwenyekiti lichukuliwe. Baba akasema, "Kumbe niliafiki." Akatoka kwenda kuangalia ndama.

Mimi sikutulia. Shuleni Mwalimu Fortunatus anatufundisha biashara, na alishatufundisha kwamba mkurugenzi mwenye maslahi yake katika jambo hutangaza maslahi hayo na kutoka nje wenzake wakiamua, na kwamba anayekaa kimya anahesabiwa amekubali. Nilimuuliza bila kutaja mtu, "Na aliyepinga halafu wakacheka, anahesabiwa vipi?" Mwalimu akaniangalia akasema, "Inategemea kilichoandikwa, Limi. Kwa nini unauliza?" Nikasema najiandaa na mtihani.

Siku iliyofuata nikamfuata baba zizini.

"Baba, si ulipinga?"

"Nilipinga."

"Mbona hawajaandika?"

"Wameandika walichosikia."

"Si uwaambie warekebishe?"

"Nikamwambie mtani wangu kwamba nimekasirika? Watu watasema Shimba amepewa kiti akasahau utani. Na siku ng'ombe hawa wakila mahindi ya mtu, nani atakuja kutukalisha chini? Wewe?"

Nikamwendea mama, akaniambia, "Limi, osha vyombo. Bodi haina wajumbe watoto."

Nimeelewa kwamba kikao kijacho ni mwisho wa mwezi huu, wakithibitisha muhtasari huo mkataba wa pango utasainiwa, na siku watu wakija kuuliza ilikuwaje nyumba ya mwenyekiti ikachukuliwa bila kuangalia nyingine, jina la baba yangu litakuwa pale pamoja na walioafiki, na wale waliompigia kura hawatakuwa na njia ya kujua kwamba alisema. Kwa hiyo nimeandika ujumbe kwenye simu yake kwenda kwa katibu wa bodi, Mama Scholastica. Unasema, "Katibu, mimi Shimba sikuafiki, naomba urekebishe." Sijautuma. Uko palepale kwenye simu, na kila baba anaponiita nimsomee kitu naogopa atauona.

Niutume? Au ninyamaze kama mama anavyotaka? Mimi bado naamini benki hii inaweza kuwa nzuri, na siku moja ningependa na mimi nikae kwenye meza ile. Nakushukuru kwa kunisikiliza.

Limi, Msowero

MAMA AGATHA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Majina yote kwenye barua yako nimeyabadilisha, na la benki hukulitaja, umefanya vizuri. Sasa weka gazeti chini, chukua simu ya baba yako, ufute ujumbe huo. Ukishaufuta urudi tuendelee.

Nakuambia hivi kwa ukali kwa sababu unampenda baba yako na upendo umekupeleka pabaya. Unachomlaumu katibu ni kwamba ameandika neno ambalo baba yako hakulisema. Wewe ulitaka kufanya lilelile. Neno lako ni zuri, lakini si lake. Waliopiga kura walimchagua Shimba, hawakumchagua binti yake mwenye akili. Na jambo la pili, karatasi za bodi si za kusomewa na mtoto, hata mtoto mwaminifu kama wewe. Humo mna habari za mikopo na maisha ya watu. Mwambie baba akapime macho anunue miwani, au amwombe katibu amchapie kwa herufi kubwa. Hilo si aibu.

Lakini hofu yako ina msingi, na mwalimu wako amekufundisha vizuri. Nimewahi kuandika mihtasari ya ushirika kwa miaka mingi, kwa hiyo nakuambia ninachokijua. Mama Scholastica hajamwonea mtu. Alimsikia mjumbe akitania, akasikia kicheko, akasikia mwenyekiti akisema tuendelee, na hakuna aliyesema hapana. Ungekuwa wewe ungeandika nini? Wala usimfanye Mzee Mwinshehe mwizi. Huenda nyumba yake ndiyo nzuri kuliko zote Mikumi na pango lake ni la haki. Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kujua, kwa sababu hakuna nyumba nyingine iliyoangaliwa na mwenye nyumba alikuwa ndiye anayetoa ruhusa ya kusema. Angekabidhi kiti kwa mwingine na kutoka nje, hata yeye angelindwa. Leo nyumba ikichukuliwa, kila atakayeona kibao cha benki pale atamnong'ona, hata kama hakukosea shilingi moja.

Sasa utani. Mimi pia nina watani na wamenisema mambo ambayo ndugu yangu asingethubutu. Ni kitu kizuri, na umeona mwenyewe kazi yake kwenye mashamba na ng'ombe. Ila utani una sharti moja: anayeambiwa halazimiki kujibu. Anacheka, anarudisha lake, yameisha. Kwenye bodi anayeambiwa lazima ajibu, na jibu liandikwe. Baba yako aliuliza swali la kweli la bodi, akaliuliza kwa namna ambayo haidai jibu, kisha akashangaa hakujibiwa.

Na hapa nitasema kitu ambacho hukuniuliza. Soma tena maneno aliyoyasema kikaoni. Yamepangwa vizuri, yanachekesha. Mtu anayetaka jambo lisimame hasemi hivyo. Baba yako ni mtu mwema, lakini nadhani siku ile alitaka kusema hapana bila kubeba uzito wa hapana. Wengi tuko hivyo, na wajumbe wa bodi ndio zaidi, kwa sababu kesho watakutana sokoni na kwenye misiba. Usimdharau kwa hilo. Ila usimwone kama mtu aliyeonewa.

Bado ana nafasi, na nafasi yenyewe ni nyepesi kuliko anavyodhani. Kila kikao huanza kwa kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, na watu wengi hupita hapo kama wanaruka dimbwi. Hapo ndipo pa kusema. Lakini asimvizie mzee mbele ya wenzake. Kabla ya kikao aende Chanzuru, amwamkie, na safari hii asianze utani. Amwambie, "Mzee, leo nimekuja kama mjumbe. Lile nililosema juu ya nyumba yako nilikuwa namaanisha, na nitalisema tena kikaoni." Mzee anaweza kununa. Anaweza pia kushukuru, maana mwenyekiti huwa hana watu wa kumwambia. Watani wa kweli hawaachani kwa kuambiana jambo moja bila kucheka.

Kikaoni aseme kwa maneno makavu kwamba muhtasari haukuandika hoja yake, na aombe jambo la jengo lifunguliwe upya, mwenyekiti akiwa nje na mjumbe mwingine akiongoza, na nyumba nyingine za Mikumi ziangaliwe kwanza. Wenzake wakikataa, aombe iandikwe kwamba yeye hakuafiki, jina lake na sababu yake. Hata hilo wakilikataa, aandike barua yenye saini kwa katibu, abaki na nakala, na wasimamizi wa mabenki wakija kukagua aioneshe. Asijiuzulu kwa hasira. Na asizunguke Msowero akieleza nani alisema nini. Mambo ya bodi hurekebishwa ndani ya bodi kwanza.

Nawe rekebisha jambo moja kichwani mwako, maana umesema unataka kukaa kwenye meza ile. Baba yako hayuko pale kuitetea Msowero. Akishakaa anakuwa mjumbe wa benki nzima, wa mama muuza nyanya wa Mikumi na mkata miwa wa Ruhembe sawasawa na wa kwenu. Wote wameweka akiba zao pale kwa kuamini kwamba wapo watu wanaouliza maswali kwa niaba yao.

Kazi yako ni ndogo na ni ngumu. Usimfundishe sheria, anaijua. Usimtajie Mwalimu Fortunatus. Tafuta wakati ametulia, mama yako akiwepo, umuulize swali moja tu: "Baba, siku ile ulikuwa unatania?" Kisha unyamaze, hata akikaa muda mrefu, hata mama akikutuma vyombo. Akisema ndiyo, muhtasari uko sahihi na aliafiki, na itabidi aishi na kura yake. Akisema hapana, mpe gazeti hili, umwoneshe mahali nilipoandika habari za safari ya Chanzuru, halafu umtayarishie shati lake la kikao.