Kwa Subiri, Uliyerudi Ghalani

Mwaka umetimia leo, mdogo wetu, tangu asubuhi ile ulipotoka nyumbani ukaacha chai yako nusu kikombe, ukasema utaimalizia ukirudi. Mkeo aliifunika kwa kisahani. Ilikaa mezani siku tatu, hakuna aliyethubutu kuimwaga.

Kazini walikuita Subiri, nasi nyumbani tukalidaka jina hilo tukalitumia bila huruma. Mtu wa zimamoto, tulikuwa tunasema, halafu kila kitu kwake ni subiri kwanza. Subiri kwanza tusome maandishi kwenye boksi. Subiri kwanza tujue ndani kuna nini. Hata siku ya harusi yangu uliniacha nimesimama na maua mkononi, ukaenda kujaribu mlango wa nyuma wa ukumbi kama unafunguka. Nilinuna mpaka kwenye picha. Siku hizi nikiingia ukumbi wowote nautafuta mlango huo kabla sijatafuta kiti.

Watoto wa jirani walipowasha fataki uani, hukuwafokea. Uliwakalisha chini ukawaeleza baruti ni nini, kwa nini unga wa metali ukishashika moto maji huuchochea badala ya kuuzima, na kwa nini mtu haokoti fataki iliyogoma kulipuka. Uliwaeleza mpaka wakaanza kusinzia. Ndilo somo ulilowafundisha askari wapya kwa miaka tisa: moto ukishaufikia mzigo wa fataki, hakuna kuzima. Ondoa watu, kaa mbali, acha uungue. Na kila anayeingia ndani aache kijibati chenye jina lake kwenye ubao wa kiongozi, akitoka akichukue mwenyewe. Kijibati kikibaki, kuna mtu hajatoka.

Siku ile mwenye ghala lililokuwa likiungua aliapa kwamba ndani ni madaftari matupu. Ulimuuliza mara mbili. Mara ya tatu ulimuuliza ukiwa umemshika bega, akasema yale yale. Askari wako wakaingia na mpira wa maji. Uliposikia milio ya kwanza ulijua umedanganywa, ukawaita wote watoke, nao wakatoka. Watu waliokuwa ng'ambo ya barabara wanasema ulisimama ukautazama ubao, ukaita, ukautazama tena. Kwa kelele zile hakuna aliyesikia unamwita nani. Kisha ukauweka ubao chini, ukarudi ndani.

Ripoti ya uchunguzi ina kurasa arobaini na sita, na sisi tumeishika kwa moyo sentensi moja tu: kwamba ulirudi ndani bila sababu, kinyume cha utaratibu uliokuwa ukiufundisha mwenyewe. Ubao ulikutwa mtupu, wamesema, maana yake kila mtu alikuwa ameshatoka. Kwa hiyo picha yako haikutundikwa kituoni pamoja na za waliofia kazini. Dereva wenu alituambia, huku akiangalia viatu vyake, kwamba askari wapya sasa wanafundishwa kitu kinachoitwa kosa la Subiri, tena kwenye darasa lako. Hilo lilituuma kuliko mazishi.

Mwezi wa tano baada ya kukuzika, alikuja mwenzako mliyekuwa naye zamu moja. Alikaa kwenye kiti chako bila kujua ni chako. Alisema alitokea mlango wa nyuma, akakuta kina mama na watoto wao wamesogea karibu na ukuta wakishangaa moto, akakimbia kuwafukuza. Hakupita kwenye ubao. Baada ya mlipuko aliukuta ubao chini, una kijibati kimoja, nacho ni chake. Akakitia mfukoni kabla mtu mwingine hajakiona. Alikitoa pale kwetu akakiweka mezani, mkeo akakishika, akalisoma jina, akamwomba akipeleke kwenye kamati ya uchunguzi.

"Shemeji, nikisema nilikificha, nafukuzwa kazi," alisema. "Nina watoto watatu."

"Mimi nina mmoja," mkeo akamjibu, "na shuleni wanamwambia baba yake alikufa kwa uzembe."

Alilia, akasema atakwenda. Wakati wa kuaga alikichukua kijibati chake, akakirudisha mfukoni. Hiyo ni miezi saba iliyopita.

Rufaa ya kupinga ripoti hupokelewa ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya tukio, na mwaka huo ulikwisha jana saa tisa na nusu alasiri. Mkeo alikaa kwenye benchi la ofisi tangu asubuhi, barua magotini, mahali pa sahihi ya shahidi pakiwa wazi. Alimpigia simu mwenzako mara kumi na moja. Karani, mtu mwema, alichelewa makusudi kufunga dirisha kwa robo saa, kisha akasema, "Mama, ningekuwa na uwezo ningekusaidia." Faili lako limefungwa. Tumeuliza kila tulikoelekezwa, hakuna ofisi nyingine, na wewe hukupenda kudanganywa, kwa hiyo hatutakwambia kwamba lipo tumaini. Ghala limepakwa rangi upya. Juzi nimepita, wanashusha maboksi, na juu yake pameandikwa madaftari.

Jana jioni mwenzako alituma ujumbe. Hakuomba msamaha. Aliomba awemo kwenye tangazo hili la kumbukumbu, hata bila jina. Nilikataa, tena kwa maneno ambayo mama asingependa kuyasikia. Mkeo aliniacha niseme mpaka nikachoka, kisha akasema ni lazima awemo, kwa sababu hapa ndipo mahali pekee palipobaki pa kuandika kwa nini ulirudi.

Unakumbukwa na mama yako, ambaye bado anakuombea safari njema kila asubuhi, mkeo, binti yako, ambaye sasa anaandika jina lako lote bila kukosea, mimi dada yako, na yule uliyemrudia, ambaye alikuwa ameshatoka.

Tutakukumbuka siku zetu zote.